Taa Iliyomkataa Bi Rehema

Nyie vijana mnaoshika spana siku hizi nawapenda kuliko mnavyodhani, ila kuna jambo moja mnanikera. Gari likiingia gereji, mwenyewe hajamaliza hata kusalimia, mshachomeka kimashine chenu chini ya usukani, kimewatajia kifaa kibovu, mshampigia simu muuza spea. Mwenye gari kasimama pembeni kama mgeni aliyekosea nyumba. Mjukuu wangu Asha naye ni fundi umeme wa magari, na mie nikimwona kavaa ovaroli lenye jina lake kifuani natamani nigonge sufuria mtaa mzima utoke uje umtazame. Lakini hata yeye ana ugonjwa huo huo. Basi haya nayaandika kwa ajili yake na kwa ajili yenu. Nimeishia darasa la nne, mtanivumilia nikienda mbele na kurudi nyuma. Gari likitoka kwenye tope nalo linakwenda hivyo hivyo.

Mie nilianzia kwenye betri. Mume wangu alikuwa ameniacha na watoto watatu, kahamia kwa mwanamke mwingine Mbagala, na nikwambieni kweli, alinifanyia hisani maana alikuwa anakoroma kama trekta. Mzee Sefu alikuwa na gereji ya umeme wa magari Buguruni, na pembeni ana kibanda cha kuchaji betri. Alikuwa anatafuta mtu wa kukilinda.

"Unaweza kukaa sehemu moja kutwa nzima?" akaniuliza.

"Nimeuza maandazi miaka sita, baba. Kukaa ndiyo kazi ninayoijua."

Akacheka, akanipa kiti. Maji ya betri yalinitoboa kanga zote. Mwezi wa tatu nilikuwa na kanga zenye matundu kama chandarua, watoto wangu wakawa wananichungulia kupitia humo. Lakini kukaa kule kulinifaa. Mtu aliyekaa anaona. Nikawa namwona Mzee Sefu anavyopima waya kwa taa yake ndogo, anavyoifuata njia ya umeme toka betri hadi mwisho bila kuruka hatua, midomo inamchezacheza kama mtu anayesoma Kurani. Siku moja akaenda kunywa chai, akaja mtu taa zake za nyuma haziwaki. Nikamtengenezea. Mzee Sefu aliporudi alizijaribu zile taa, akaendelea na kazi yake. Kesho yake nikakuta koleo langu mwenyewe limening'inizwa ukutani, mpini kauzungushia tepu nyekundu ili mtu mwingine asilichukue.

Msidhani nilikuwa hodari papo hapo. Kuna gari nililiunganisha honi kwenye waya wa taa za breki. Mwenyewe hakujaribu breki pale, akaondoka nalo moja kwa moja kwenda kubeba wafiwa. Msafara wa maziko toka Temeke, watu wameinamisha vichwa, na kila jamaa akikanyaga breki gari linalia piiiii. Alirudi jioni kavaa kanzu, ana udongo wa makaburini miguuni, hana hata hasira, kachoka tu. Akasema, "Mama Chausiku, marehemu mwenyewe kidogo ainuke." Toka siku ile sijawahi kumruhusu mtu aondoke bila kukanyaga breki mbele ya macho yangu.

Sasa nije kwenye lile gari jekundu.

Zamani magari ya Buguruni tulikuwa tunayajua kama watoto wa mtaa. Yalikuwa machache, makuukuu, na gari likiumwa linakwambia kwa kuzimika. Halafu ikaja ruksa ya kuagiza magari nje. Magari yaliyotumika Japani yakaanza kumwagika bandarini, na dashibodi zake zina taa nyingi kama ukumbi wa harusi. Kitabu chake ukikifungua, maandishi kama kuku kapita kwenye majivu. Gereji nyingi zikawa na dawa moja: taa ikikusumbua, chomoa globu. Mteja anaondoka kafurahi. Mzee Sefu hiyo dawa alikuwa haitaki kabisa. "Mtoto analia, wewe unamziba mdomo?" alikuwa anatukemea.

Jambo la pili, yale magari yalikuwa chini mno. Barabara zetu mnazijua, na wakati ule zilikuwa mbaya kuliko leo. Tukawa tunayainua. Unafungua springi, unaweka juu yake kipande kilichochongwa, unene wa vidole vitatu, tunakiita spesa. Gari linasimama juu, halikwaruzi tena tumbo. Hiyo kazi ikawa yangu, maana nina mikono ya nguvu na sina haraka. Nilikuwa najisifu waziwazi kwamba hakuna spesa ya Mama Chausiku iliyowahi kugonga wala kulia.

Bi Rehema alikuwa anauza mchele wa jumla soko la Tandale. Mwembamba, ana sauti ya kusikika mpaka kwa wauza nazi. Alikuwa amenunua gari la michezo, la milango miwili, jekundu, pua ndefu, limeinama kama paka anayevizia. Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Muuza mchele na gari la mashindano! Yeye akawajibu, "Miaka kumi na miwili nimetembea nyuma ya mkokoteni. Nikipanda cha kwangu, nataka kile ambacho hata kikisimama kinaonekana kina haraka." Mie nikampenda hapo hapo.

Kasoro ilikuwa moja. Gari alilitoa bandarini kaka yake, Idi, karani mjini, mtu wa mashati yaliyopigwa pasi mpaka kwenye kola. Kadi ya gari ikaandikwa jina la Idi. Eti kwa muda tu. Baba yao alishafariki, kaka ndiye mkubwa wa nyumba.

Nililiinua mie mwenyewe lile gari, spesa nne. Wiki tatu baadaye wakarudi wote wawili.

"Mama Chausiku, linawaka taa," Rehema akaanza. "Ile ya kigari chenye alama za kuteleza. Kwanza gari linakohoa, halafu..."

Idi akadakia. "Fundi, ni hivi. Taa inawaka, inazima. Haina mpango."

Na mie, mwanamke mzima, fundi, niliyezoea kuona wateja wakinipita na kwenda kumuuliza Mzee Sefu, unajua nilifanya nini? Nilimgeukia Idi. Nikamuuliza Idi inawaka lini. Rehema kasimama pale pale, na gari ni lake, na maneno yako mdomoni mwake. Idi akasema, "Wakati wowote." Nikamwamini. Nikachomoa waya wa betri, nikahesabu mpaka mia, nikarudisha. Taa ikafa. Nikasema limepona.

Hapo nilifanya makosa mawili, mkitaka kuyahesabu. La kwanza nimeshalisema. La pili ni lile la betri. Gari la namna ile kila gurudumu lina kitu kidogo karibu yake kinachohesabu mizunguko. Nyie mnaita sensa, Mzee Sefu alikuwa anaita sikio. Kompyuta inasikiliza masikio yote manne. Gurudumu moja likizunguka haraka kuliko wenzake, inajua linateleza, inaipunguzia injini pumzi. Sikio moja likinyamaza ghafla, inachanganyikiwa, inaikaba injini bure, halafu inawasha taa kukwambia imeshindwa kazi. Na inaandika ndani yake ni sikio lipi. Ukichomoa betri, unafuta yote. Sawa na kuosha damu kabla polisi hawajafika.

Idi naye kumbe alikuwa ananitazama mikono. Alijifunza ile dawa. Kuanzia siku ile taa ikiwaka, anachomoa betri mwenyewe, kwa hiyo walivyorudi mara ya pili Mzee Sefu alitafuta maandishi ndani ya kompyuta hakukuta kitu. Akavua masikio yote manne, akayasugua kwa petroli na mswaki, akayarudisha. Tukalijaribu: Buguruni mpaka Ubungo, Ubungo mpaka Buguruni, tukakimbia, tukafunga breki, tukapita kwenye mashimo. Kimya. Dashibodi safi.

Mara ya tatu Idi alikuja peke yake, siku ya Jumatano.

"Mzee, shikamoo. Fundi, habari." Akalipiga gari kofi bonetini. "Tatizo nimeshalijua."

"Marahaba. Haya, tupe elimu," akasema Mzee Sefu.

"Wiki nzima nimeendesha mie. Haijawaka hata mara moja. Jana nimemwachia Rehema, hajafika ndani kwake ishawaka. Na ndivyo inavyokuwa kila siku. Akiendesha yeye inawaka, nikiendesha mie haiwaki. Gari halimtaki."

"Halimtaki vipi?" nikauliza.

"Mwanamke na gari la aina hii, fundi..." Akaona mikono yangu yenye grisi, akakohoa. "Sikusemi wewe."

"Mwanamke mwingine hapa yuko wapi?"

Akamgeukia Mzee Sefu. Alisema Ijumaa baada ya swala kuna mzee wa Magomeni anakuja Tandale kulitazama. Kadi ina jina lake, ataliuza, amnunulie dada yake pikapu abebee magunia. Kazi yetu sie ni kulisafisha na kulifikisha Tandale siku hiyo mchana. Akaacha ufunguo, akaenda zake na pasi yake.

Nilikaa kwenye kiti cha betri, kile cha zamani. Taa ilikuwa inawaka kwa Rehema tu, na mie mwenyewe sikuweza kusema kwa nini. Mzee Sefu akaja akasimama mbele yangu, miwani yake imefungwa kwa waya sikioni.

"Yule dada mwenyewe anasemaje?"

"Anasema linakohoa kwanza."

"Linakohoa akiwa anafanya nini?"

Sikujua. Hakuna aliyemuuliza.

Alhamisi nikaenda sokoni Tandale. Rehema alikuwa amekaa juu ya magunia, sauti yake imekwisha. Nilimkuta anamuuzia mtu kilo kumi kama anamnong'oneza.

"Labda kweli, Mama Chausiku," akaniambia. "Nimefukiza ubani mle ndani siku tatu. Nimemwita mtu kanisomea. Bado. Sasa hata kushika usukani naogopa. Bora pikapu."

Kumbe ndiyo maana gari lilikuwa linanukia maulidi. Nilidhani marashi.

"Niambie jambo moja," nikasema. "Ikiwaka, unakuwa wapi?"

"Kwangu."

"Kwako wapi? Barabarani, mlangoni, wapi?"

"Kichochoroni. Naingia nyumbani. Kwani nilale nalo barabarani?"

"Idi naye analiingiza mpaka ndani?"

"Idi!" Sauti ikamrudi kidogo. "Idi anaogopa kulikwaruza. Analiacha kule nje, msikitini, ananiita nikalichukue."

Nilitamani nijipige kofi. Tumezunguka nalo mpaka Ubungo, kwenye lami pana, usukani umenyooka. Hakuna hata mmoja wetu aliyeingia nalo kichochoroni kwa Rehema.

Ijumaa Rehema akaja Buguruni. Nilimwambia Mzee Sefu nataka aendeshe mwenyewe. Mzee akafikiri. "Tumeambiwa gari lifike Tandale," akasema. "Nani ashike usukani hatukuambiwa." Akaingia ndani kutafuta kitu ambacho hakikuwepo, ili asituone tunaondoka.

Rehema aliendesha vizuri kuliko nilivyotegemea, ila kamba za shingo zimemtoka. Tukafika Tandale wanaume wako msikitini. Kichochoro chake mkikiona mtakubali kwa nini Idi alikuwa anaogopa. Unakata kulia, ukuta wa jirani huku, mtaro wa maji huku. Lazima usukani uuzungushe mpaka ugome, na gurudumu la mbele la kushoto linapita ukingoni kabisa, nusu yake liko hewani juu ya mtaro.

Akakata. Gurudumu likashuka ukingoni, likaning'inia. Gari likakohoa, eh, kama mtu aliyepaliwa na ugali. Taa ikawaka.

"Umeona?" Machozi yalikuwa tayari. "Limenikataa mbele yako."

"Usizime."

"Mama Chausiku..."

"Usizime, na usukani usiuguse. Kaa hivyo hivyo kama unapigwa picha."

Nikafungua boneti. Pembeni kuna kiboksi kidogo chenye matundu, ukiunganisha mawili kati ya hayo, ile taa inaanza kukonyeza, nawe unahesabu. Mzee Sefu alikuwa na waya wake maalumu wa kazi hiyo. Mie sikuuchukua. Nikachomoa kibanio changu cha nywele, nikakisugua ukutani rangi ikatoka, nikakichomeka.

"Hesabu inavyokonyeza," nikamwambia Rehema. "Kwa sauti."

"Moja, mbili, tatu. Imepumzika. Moja, mbili. Imepumzika tena. Moja, mbili, tatu..."

Tatu na mbili. Darasa la nne linatosha hapo. Kwa orodha aliyonifundisha Mzee Sefu, hilo ni sikio la mbele kushoto.

Nyie mngeishia hapo. Mngesema sensa ya mbele kushoto, nunua mpya. Lakini lile sikio lilikuwa limevuliwa, limeoshwa, ni zima. Kujua ni lipi linalonyamaza si kujua kwa nini linanyamaza. Kwa hiyo nikavua viatu, nikajifunga kanga ya pili kiunoni, nikaingia mtaroni.

Akina mama wa kichochoro walikuwa wameshatoka, hakuna sinema nzuri kama mwanamke mnene mtaroni.

"Bibie, umeangusha nini?"

"Nimeangusha mume. Mkimuona msimrudishe."

Walicheka, na mie nikainama chini ya madigadi. Nikauona. Waya wa lile sikio, unaotoka kwenye gurudumu kupanda kwenye bodi, ulikuwa umevutika kama kamba ya nguo yenye blanketi bichi. Gurudumu likinyooka unalegea, ukipima ni mzima. Ukikata usukani wote na gurudumu likaning'inia, unavutika. Nikamwambia Rehema azime gari, nikaupapasa. Hili liandikeni: waya unaweza kukatika ndani na ngozi yake ikabaki nzima. Macho hayaoni. Ukunje kidogo kidogo kwa vidole, mahali penye shaba utasikia ugumu, mahali palipokatika utasikia laini, kama utumbo. Nilipasikia. Pale kwenye pindo, laini.

Lakini waya wa kiwandani hauwi mfupi. Nani kaufupisha? Nikanyanyua uso, nikatazama juu ya springi. Ilikuwa pale, safi, imekaa vizuri, haigongi wala hailii. Spesa ya Mama Chausiku. Niliinua bodi vidole vitatu, waya nikauacha ulivyo.

Maji machafu yananipita vidoleni. Ningeweza kuulegeza ule waya kimyakimya, nikapanda juu, nikasema limepona. Lakini limepona lilishasemwa mara mbili, Idi asingelisikia tena. Angeuza. Ili Rehema abaki na gari, ilibidi sababu ionekane kwa macho, na sababu ni mie. Na nikishasema ni mie, Idi ana jibu tayari: si nilisema, mwanamke na magari?

"Umeona nini?" Rehema akaniinamia.

"Nimeona. Rudisha gari barabarani, lisimamishe."

Watu walikuwa wanatoka msikitini. Idi akaja kavaa kanzu nyeupe, ana mzee mmoja mrefu mwenye bakora na kofia ya vito. Akamwona dada yake kwenye usukani, akaniona mie na tope mpaka magotini.

"Nani kampa huyu gari?"

"Shikamoo, mzee," nikamwambia yule mzee kwanza. Akaitikia vizuri. "Kaka Idi, mgeni wako anataka kuliona gari linavyokwenda. Mwingizie mpaka ndani."

"Niingie humo?"

"Dada yako anaingia kila siku. Au hupawezi?"

Mbele ya mzee, mbele ya akina mama wote wale, angesemaje? Akaingia na kanzu yake. Waya ulikuwa umelegea tena, kwa hiyo akawasha, dashibodi safi, akanionyesha kwa kidole kwamba unaona, taa haipo. Akakata kulia. "Kata zaidi," nikamwambia, "utaangukia mtaroni." Akakata mpaka usukani ukagoma. Gurudumu likaning'inia. Gari likakohoa, na taa ikawaka usoni pake.

Akina mama walipiga vigelegele kama mtoto kazaliwa.

"Kaka Idi, nawe limekukataa!"

"Kwani naye mwanamke?"

Yule mzee alicheka mpaka kofia ikamkaa upande. Idi akatoka, jasho limemlowesha kola. "Basi gari bovu," akasema. "Nani kaliharibu?"

"Mie," nikasema. Nikamwonyesha waya, nikamwonyesha spesa, nikamweleza yote bila kukwepa. Mzee akainama na bakora yake kutazama, Idi hakuinama.

"Si nilisema? Fundi mwenyewe mwana..."

"Kaka." Ilikuwa sauti ya Rehema, ile ya kufika mpaka kwa wauza nazi. "Juzi tatizo lilikuwa mie. Leo tatizo ni Mama Chausiku. Kesho litakuwa nani, shangazi? Kosa kafunga yeye, kosa kaliona yeye, na sasa hivi analitengeneza yeye. Wewe umetengeneza nini zaidi ya kuchomoa betri?"

Idi akatazama kanzu yake.

Niseme kidogo nilivyotengeneza, msije mkakosea. Pale kichochoroni niliutoa waya kwenye klipu yake ya juu, nikaurudisha chini kidogo upate kulegea, nikaufunga kwa kipande cha mpira wa tyubu. Palipokatika nikapamenya, nikaunganisha kwa muda. Jumatatu yake tuliukata tukauongezea urefu kwa lehemu, si kwa kusokota na tepu tu, na nyuzi zake mbili za ndani tukazipota pamoja kama zilivyokuwa, maana sauti ya sikio ni ndogo mno, ukiziachanisha inachafuka. Mzee Sefu nilipomweleza alivua miwani, akauliza, "Tumeinua magari mangapi mpaka sasa?" Hatukujua. Tulikwenda kuyatafuta moja moja, Mabibo, Temeke, kokote, tukipiga hodi kwa watu kuwaambia tulikosea. Wengine walitutukana. Wengi walitupa chai. Na Mzee Sefu kila nyumba alikuwa anasema "tulikosea", hata moja hakusema "alikosea".

Nilipomaliza kufunga ule mpira nikampa Rehema ufunguo. Akarudi barabarani, akaja tena, akakata kulia mpaka usukani ukagoma. Gurudumu likaning'inia juu ya mtaro, waya ukawa na nafasi yake. Gari halikukohoa. Tulisubiri, watu wazima karibu ishirini, tunachungulia dashibodi. Hakuna taa.

Akafanya mara ya pili. Hakuna.

Yule mzee akajipangusa macho. "Mie nilikuja kununua gari lenye kasoro," akamwambia Idi. "Sasa halina, mwanangu, bei yake siiwezi." Akamgeukia Rehema. "Binti, jua kali hili. Utanirudisha Magomeni?"

"Karibu, baba. Kaa mbele."

Idi kwa mazoea akaenda mlango wa dereva. Rehema alikuwa ameshakaa. Akazunguka upande wa pili, mzee ndiye anaingia. Ikabaki nyuma. Gari la namna ile kiti cha nyuma ni cha kuwekea mkoba, si mtu. Akainua kanzu, akaingiza kichwa, akaingiza bega, magoti yakamfika masikioni.

"Na kadi, kaka," Rehema akasema, anamtazama kwenye kioo. "Iwe na jina langu. Jumatatu."

"Jumatatu ofisi ya kadi watu wanajaa sana, Rehema."

"Utapanga foleni," akamwambia, akaanza kurudi nyuma taratibu kutoka kichochoroni, mkono mmoja kwenye usukani.